Ndoo Tatu za Chumvi Bafuni

Kliniki ile ya meno ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia, na mtu akipanda ngazi alianza kuisikia mashine ya daktari kabla hajafika mlangoni. Wengine waligeuka papo hapo. Waliopata ujasiri wa kusukuma mlango walipokewa na vitu viwili. Kwanza tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, limejaa maji ya chumvi, samaki na matumbawe. Pili, nyuma ya meza, mwanamke wa miaka arobaini na moja mwenye kalamu mbili kwenye nywele, akiinua makaratasi kuitafuta kalamu.

Wagonjwa walimwita Dada Foleni. Jina lilimwangukia mwaka wake wa kwanza kazini, siku bwana mmoja mwenye suti alipotaka kupita mbele ya bibi aliyefunga shavu kwa kitambaa. "Jino lako linauma, na la bibi linauma," alimwambia. "Ila la bibi limewahi." Bwana akakaa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita vingine, hata daktari alipokuwa na haraka.

Tangi lilinunuliwa na daktari kwa hesabu rahisi: macho yakiwa na kazi, masikio hupumzika. Na kweli watu walitulia. Waliyapa matumbawe majina. Lile lililokunjamana waliliita Ubongo. La kijani lenye mapindo lilikuwa Kabichi. La rangi ya waridi, lililonyoosha vidole vingi laini kila asubuhi taa ikiwashwa, lilikuwa Glavu. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe waliitwa Bwana na Bibi, ingawa hakuna aliyejua yupi ni yupi.

Kwa miaka saba tangi lilitunzwa na fundi mmoja mpole aliyekuja kila Alhamisi. Kisha fundi akapata kazi mji mwingine. Alhamisi yake ya mwisho alimkabidhi Dada Foleni vifaa vya kupimia, nusu ndoo ya chumvi, na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili.

"Kila wiki toa lita thelathini, weka lita thelathini mpya," alimwambia. "Koroga chumvi kwenye ndoo siku moja kabla, usiimwage tangini ikiwa kavu, itawaunguza. Na usibadilishe aina hovyo."

"Kwa nini unanipa mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye unayewasalimia asubuhi."

Hilo hakuweza kulikana. Alikuwa akiwasalimia, mmoja mmoja, tena kwa majina. Lakini kuwasalimia ni jambo moja na kuwatengenezea bahari ni jambo jingine. Shuleni kemia ilimshinda vibaya sana, hadi mwalimu akamwomba akae karibu na dirisha na asiguse chupa yoyote, kwa usalama wa darasa zima.

Nusu ndoo iliisha baada ya miezi miwili na ushee. Akaenda duka la samaki wa mapambo, akaambiwa chumvi ile haitengenezwi tena. Muuzaji alikuwa na wateja wengine, na yeye alikuwa na dakika chache tu kabla ya kliniki kufunguliwa, kwa hiyo akachukua mfuko wa bei nafuu wenye picha ya samaki anayecheka. Samaki akicheka, alijiambia, mambo yatakwenda vizuri.

Alhamisi ya kwanza hakuna kilichotokea. Ya pili, Ubongo akapauka pembeni. Ya tatu, Glavu akakunja vidole vyote, akabaki kinundu. Bwana na Bibi waliogelea kama kawaida, na hilo lilimchanganya zaidi.

Daktari alitoka chumbani, barakoa imeshushwa kidevuni, akainama mbele ya kioo.

"Dada, hili tangi likikushinda usione haya," alisema. "Kazi yako ni mapokezi. Mwisho wa mwezi tunaweza kuweka televisheni tu."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Angemfokea, angejua la kujibu.

Mchana huo aliruka chakula akarudi dukani. Muuzaji, bwana mnene aliyening'iniza miwani kifuani kwa uzi, safari hii hakuwa na wateja. Alisikiliza habari yote, hadi kinundu cha Glavu.

"Ule mfuko ni wa matangi ya samaki peke yao," alisema. "Samaki anaishi ndani ya maji, basi. Tumbawe linajijenga kwa maji yale yale. Linanyonya kalsiamu humo, linatengeneza mifupa. Ukilipa maji matupu litajenga kwa kitu gani?"

Akamwekea ndoo mbili ndogo kaunta. Moja ya bluu, yenye maandishi makubwa kwamba madini yake yanazidi ya nyingine zote. Nyingine nyeupe yenye kifuniko cha kijani, isiyojisifu sana.

"Wewe ungechukua ipi?"

"Ya kijani."

"Kwa nini?"

"Ndiyo ninayotumia nyumbani, mwaka wa tisa huu."

"Na hii ya bluu?"

"Hiyo naiuza," alisema muuzaji, akavaa miwani ili asionekane anacheka.

Dada Foleni alichukua zote mbili. Alishachagua mara moja kwa kuangalia picha, na hakutaka kuchagua mara ya pili kwa kuangalia uso wa muuzaji.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake sebuleni, akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mama huyo alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye famasi ya hospitali, akipima na kuchanganya dawa, na mwezi wa nne sasa alikuwa akiishi na mwanawe. Yeye na Dada Foleni waliishi kwa adabu nyingi kupita kiasi. Walishukuriana kwa chai mpaka chai ikapoa. Jambo pekee lililowahi kuwagonganisha kidogo lilikuwa chumvi ya mezani, kwani mama alikuwa na presha, na alikitazama kikopo chake kama mtu anayemtazama mwizi aliyeachiwa.

Sasa aliona ndoo mbili zinaingia.

"Mwanangu, zote hizo?"

"Si za kula, Mama. Ni za samaki."

"Samaki gani anatiwa chumvi ndoo mbili?"

"Walio hai, Mama."

Mama aliweka chini shati alilokuwa amelishika. Dada Foleni, kwa kuwa alichoka na hakuwa na nguvu za adabu, akamweleza kila kitu: karatasi ya fundi, mfuko wa samaki anayecheka, kinundu, televisheni. Alipomaliza alitegemea pole. Mama akamuuliza, "Kwa lita moja mnaweka gramu ngapi?"

"Thelathini na nane hivi."

"Hivi? Hatuweki 'hivi'. Lete mizani."

Jumamosi asubuhi walipanga ndoo tatu tupu bafuni, maana jikoni hapakuwa na nafasi. Kila moja ilipata lita kumi za maji ya chujio la kliniki, maji yaliyosafishwa hadi hayana chochote. Ya kwanza ikatiwa ile chumvi ya mfuko, ya katikati ya bluu, ya mwisho ya kijani, gramu mia tatu na themanini kila ndoo, Mama akiinama kwenye mizani ya unga na kurudisha punje kwa ncha ya kisu. Wakaweka vipampu vya kuzungusha maji na hita ndogo za kuyapasha moto. Mama alibandika plasta kwenye kila ndoo na kuandika herufi, akafungua daftari jipya. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Dada Foleni alikuwa hajawahi kumwona hivyo.

Mume wake alikuwa fundi wa lifti, mtu msomaji sana wa maandishi yanayohusu lifti na si mengine. Jumapili alidamka kwenda kazini kwa dharura, akaingia bafuni, akakuta maji ya vuguvugu, akamshukuru mke wake kimoyomoyo, akaoga. Alirudi mchana akijikuna shingo. Kwenye nywele za mikono yake palikuwa na unga mweupe, na masikio yalimeta.

"Hii sabuni mpya mmenunua wapi?" aliuliza. "Nimejikuna kwenye lifti ya watu mpaka nikaombwa nishuke."

Mama yake alimchunguza masikio. "Uliogea ndoo ipi?"

"Ya katikati."

"Uliikoroga?"

"Mama, nilioga."

Mama akafungua daftari na kuandika, akisoma kwa sauti neno baada ya neno: "Ndoo ya bluu. Haifai kwa kuogea." Dada Foleni alijaribu kujizuia akashindwa, akacheka hadi akashika ukuta, na mama mkwe akakaa juu ya stuli akifuta machozi kwa plasta. Mume aliwaangalia wote wawili, akaenda kuoga tena. Huo ulikuwa mwezi wa nne wa kuishi pamoja, na ndiyo mara yao ya kwanza kucheka kwa wakati mmoja.

Waliichanganya upya ndoo ya katikati, na jioni wakapima. Kipimo cha chumvi kilikuwa kama darubini ndogo: unadondosha tone, unaelekeza kwenye mwanga, unasoma mstari. Vingine vilikuwa vya matone, unahesabu tone moja moja hadi maji yabadilike rangi. Dada Foleni alidondosha na Mama akahesabu. Chumvi ya mfuko ilikuwa na kalsiamu miligramu mia tatu na arobaini kwa lita, ndogo, kama muuzaji alivyosema. Ya bluu ilifika mia nne na themanini. Ya kijani, ile ya mwaka wa tisa, ilisoma mia tatu na hamsini.

Walirudia. Mia tatu na hamsini.

"Amenidanganya," alisema Dada Foleni.

Jumatatu saa saba mchana alikuwa dukani na namba zake kwenye karatasi. Hakupaza sauti, ila aliiweka karatasi kaunta kwa namna inayotosha. Muuzaji alivaa miwani, akasoma, akavua, akasoma tena bila miwani. Uso ulimwanguka.

"Dada, sina cha kukuambia," alisema. "Nimelea matumbawe kwa chumvi hii. Nenda upime tena. Ikiwa bado hivi, niletee ndoo yako, nitabandika tangazo hapo mlangoni kwamba nimekuwa nikiwapotosha watu."

Alitoka akiwa hana raha. Alitaka muuzaji ajitetee ili amchukie vizuri, na muuzaji hakujitetea. Njiani aliamua: atachukua ya bluu, mambo yaishe. Namba zake ni kubwa, Glavu yuko hoi, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia.

Alipofika nyumbani alimweleza Mama. Mama alikuwa na ndoo ya kijani miguuni, ameifungua, anaichungulia.

"Ile siku ulichota wapi?" aliuliza.

"Juu, Mama. Si imejaa?"

"Na imefikaje hapa mjini?"

"Kwa meli nadhani. Kwa lori. Kisha mimi kwa mkono."

"Yaani imetikiswa miezi." Mama aliingiza kijiko kirefu hadi chini, akakitoa, akakilinganisha na unga wa juu. Wa chini ulikuwa na punje kubwa zaidi. "Hii si chumvi moja, mwanangu. Ni unga wa aina kumi ndani ya ndoo moja, na kila aina ina uzito na umbo lake. Zikitikiswa, zinaachana. Mwaka wangu wa kwanza famasi nilikuwa nachota dawa ya unga juu ya kopo bila kuigeuza. Wagonjwa wa mwanzo wa wiki wakaja kulalamika kwamba dawa ni maji tu. Wa Ijumaa akapata ya chini, akalala siku mbili. Aliamka salama. Mimi ndiye niliyechelewa kupata usingizi."

Dada Foleni alikaa sakafuni karibu naye. Mama huyo hakuwa amewahi kumsimulia kosa lake hata moja.

Walifunga kifuniko kwa utepe wa gundi, wakailaza ndoo, na kuivingirisha sebuleni, kutoka kwenye kochi hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye kochi. Mume alisogeza meza bila kuuliza, alikuwa amejifunza. Walipofika mzunguko wa ishirini mlango uligongwa. Alikuwa jirani wa chini.

"Samahani, mnasaga nini?"

"Dawa," alisema Mama.

"Za nini?"

"Za glavu."

Jirani alishukuru, akashuka.

Wakavingirisha na ya bluu, haki itendeke. Wakachanganya upya, wakasubiri kutwa nzima, wakapima. Safari hii ya kijani ilisoma mia nne na ishirini na tano, na ualkali, ile nguvu ya maji kujikinga yasichachuke, ulikuwa digrii nane. Ya bluu ilikuwa karibu mia tano, na ualkali kumi na mbili.

"Bado bluu inaongoza," alisema Dada Foleni.

"Inaongoza kwenda wapi?" aliuliza Mama. "Maji ya tangi lenyewe yana ngapi?"

Siku zote hizo walikuwa wamepima ndoo. Mgonjwa mwenyewe hakuna aliyempima.

Siku iliyofuata Mama alipanda zile ngazi za kliniki akiwa na daftari kwapani, akasalimia wagonjwa kama daktari anayepita wodini, na wawili wakasimama. Kalsiamu ya tangi ilikuwa mia tatu na sitini, ualkali sita na nusu. Dada Foleni akatoa karatasi ya fundi, akageuza upande wa pili, ambao kwa kweli hakuwa ameusoma hadi mwisho kwa sababu ulijaa namba. Palikuwa na mstari mmoja: tangi hili limezoea kalsiamu mia nne na ishirini, ualkali nane.

"Unaona," alisema Mama. "Famasi, aliyedhoofika hatukumpa dozi kubwa ili apone upesi. Ukimtoa huyu kwenye sita na nusu ukamvutia kwenye kumi na mbili, vidole vyenyewe vitaungua. Mpe alichozoea, kidogo kidogo, na usimbadilishie tena."

"Basi ni ya kijani."

"Mimi nimetaja rangi?"

Dada Foleni alipita dukani jioni hiyo. Muuzaji alipomwona alianza kutafuta karatasi ya tangazo.

"Acha," alimwambia. "Nimekukosea. Chumvi yako ni nzima. Sikuigeuza ndoo."

Muuzaji alishusha pumzi, akajiegemeza kwenye rafu. "Kosa ni langu pia. Mimi naigeuza bila hata kufikiri, nikasahau kuna mtu anaanza leo." Kisha akauliza, "Nani amegundua?"

"Mama mkwe wangu."

"Ana kazi?"

"Amestaafu."

"Hajastaafu huyo," alisema muuzaji.

Tangazo aliliandika hata hivyo, ila lilisema: Geuza ndoo kabla ya kuchota.

Hawakubadilisha maji yote kwa pupa. Lita thelathini wiki hiyo, thelathini iliyofuata, kila mara chumvi ikiwa imekorogwa tangu jana yake na maji yakiwa na joto sawa na ya tangi. Wiki ya kwanza Glavu hakutoa hata ukucha. Wiki ya pili daktari alipita na futi ya kupimia ukuta, akaikunjua, akaikunja, akarudi chumbani. Dada Foleni siku hiyo alimwandikia mgonjwa mmoja miadi ya tarehe iliyopita.

Aliyeona kwanza alikuwa mwalimu mmoja wa hesabu, mwanamke mrefu aliyekuwa ameahirisha kung'oa gego mara tano. Alikuwa amekaa mbele ya kioo, mkoba umebanwa magotini, akitafuta sababu ya kuahirisha ya sita.

"Dada," aliita taratibu. "Huyu wa waridi alikuwa hivi?"

Dada Foleni alizunguka meza. Kwenye kile kinundu vilikuwa vimechomoza vidole vinne, vifupi, ncha zake zikipeperushwa na mkondo wa maji. Alichuchumaa pale pale na sketi yake ya kazi. Alitaka kusema kitu cha maana, akasema tu, "Habari za asubuhi," na ilikuwa saa nane mchana.

Daktari alitoka kuona kwa nini hapaitwi mgonjwa anayefuata. Aliinama, akavihesabu vile vidole kwa kalamu kama anahesabu meno.

"Televisheni nimeshanunua," alisema mwishowe.

"Pole, Daktari."

"Mke wangu atafurahi." Akamgeukia mwalimu. "Tuingie?"

Mwalimu aliangalia vidole vile mara moja tena, akaacha mkoba kwenye kiti, akaingia. Gego lilitoka bila makelele.

Baada ya hapo Mama alianza kuja kliniki kila Alhamisi, amevaa koti lake jeupe la famasi ambalo alisema halikuwa na matumizi mengine. Kile kikopo cha chumvi mezani kilibaki adui yake. Ila ile adabu nyingi kati yao iliisha kabisa. Sasa walibishana wazi, kuhusu pampu, kuhusu kitambaa cha kufutia kioo, kuhusu kama Kabichi ahamishwe kushoto au aachwe alipo. Wagonjwa walisikiliza wakiwa wameelekeza vichwa, na mara kadhaa ilibidi daktari mwenyewe atoke kumwita mtu aliyesahau kwamba alikuja kwa ajili ya jino.

Mwaka uliofuata Glavu alikuwa mkubwa hadi akaanza kumsukuma Ubongo. Muuzaji alikuja na kisu chembamba, akakata kipande kidogo, akakigandisha kwenye jiwe, akauliza akipeleke wapi. Mama alikuwa na jibu tayari. Alikuwa ameshaagiza tangi la lita arobaini, limeshafika, na limeshawekwa sebuleni kwenye kona aliyoichagua bila kumuuliza mtu.

"Na chumvi, Mama?" aliuliza Dada Foleni. "Utatumia ipi?"

"Sijui bado," alisema Mama, akichukua daftari. "Kwanza nipime."